Mbuzi wa Papa Jean-Claude na Kazi ya Upatanishi

Jumatatu, 5 Machi 2012
Kituo cha upatanisho cha Mudzipela kitaajiri mpatanishi mmoja wa mtaa. Amesema Mama Bernadette, mratibu wake, leo asubuhi mbele ya watu wote. Kazi yenyewe ni kukutanisha aliyekosea na aliyekosewa, ili jambo lirekebishwe bila polisi wala gereza. Kila mwombaji alete kesi aliyoipatanisha mwenyewe kabla ya Jumatatu ijayo. Régine, jirani yangu, naye anaomba. Amesema mimi hata kuku wangu hawanisikilizi. Nimemtakia heri. Kazi ni yangu. Nimekwisha kumwambia mke wangu, naye amekwisha kuwaambia ndugu zake. Kurudi nyuma hakuwezekani. Inakosekana kesi tu.

Jumatano, 7 Machi
Kesi imepatikana. Nimeitengeneza. Jioni, watu wakiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nilimfungua mbuzi wa Papa Jean-Claude nikamwingiza kwenye lengalenga, mchicha wa bustani ya Mama Emérance. Nimewachagua kwa uangalifu: ni majirani, na wakati wa vita watu wao walikuwa pande mbili. Kesho watagombana. Kesho kutwa nitawapatanisha. Nimefua shati jeupe.

Ijumaa, 9 Machi
Hawakugombana. Sijaona uzembe kama huu. Mama Emérance alimrudisha mbuzi, akasema lengalenga yenyewe ilikuwa imeanza kukomaa. Papa Jean-Claude akampelekea maziwa. Mama akampa sombe ya majani ya muhogo. Tangu silaha zinyamaze, hapa kwetu mtu anaomba radhi hata moshi wa jikoni ukielekea kwa jirani. Hilo sikulifikiria.

Nikaenda kwa Mama Emérance kumsaidia akasirike. Nikamweleza kwamba mbuzi alikula mpaka mvua ikaanza, na angemaliza bustani yote kama kamba yake isingenasa kwenye mpapai. Akaacha kutwanga.

"Papa Ézéchiel, ile saa siye wote tulikuwa kanisani. Weye uliona namna gani?"

Nikasema nilisikia. Akauliza kama ni mbuzi aliyenihadithia. Papa Jean-Claude, aliyekuwa amekuja kuchukua chupa yake ya maziwa, alicheka, kisha akaacha kucheka.

Sasa wamekasirika wote wawili. Kwa bahati mbaya, juu yangu. Wameondoka pamoja kwenda kwa Régine.

Jumamosi, 10 Machi
Kikao uani kwa Régine. Mama Bernadette alikuwepo. Kanuni inataka mkosaji aseme mwenyewe alichofanya, akiwatazama aliowakosea. Nilisema vizuri sana, tangu fundo la kamba mpaka mpapai. Mama Emérance akasema kwamba alipokuta bustani imeliwa, alikaa jikoni akiogopa mambo ya zamani yanaanza tena. Papa Jean-Claude akasema hata yeye hakulala. Hapo nilitazama viatu vyangu. Kisha nikaona Mama Bernadette ameguswa na ukimya wangu, nikaurefusha kidogo.

Wamekubaliana nipande lengalenga upya na kuchunga mbuzi mpaka majani yaote. Wote wawili walinipa mkono. Mbuzi hakuulizwa.

Jumatatu, 12 Machi
Régine amepata kazi, kwa kesi yangu. Shemeji zangu wamepata habari kabla yangu.

Lakini mchana Mama Bernadette amekuja nyumbani. Amesema hajapata kuona mkosaji anayeeleza kosa lake kwa ufasaha namna hii. Anataka nikatoe ushuhuda mbele ya wapatanishi wapya wa kule Nizi. Usafiri na chakula ni juu ya kituo. Ushindi mtupu. Wapatanishi wako wengi. Mkosaji wa kiwango hiki Mudzipela ni mmoja.

Mke wangu amesema Régine anaweza kupanda cheo, lakini mkosaji atapanda kwenda wapi. Swali zuri. Nimelifikiria wakati wa kuchunga. Ushuhuda mmoja utachosha watu, na wa Nizi watapenda zaidi kosa lililofanyika kwao.

Nitazungumza Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nitatangulia Jumatano. Nimemuuliza dereva wa pikipiki kama kule wanafuga nguruwe. Wanafuga, tena wakubwa.