Wajina Wangu wa Mbao

Jumatatu, 7 Juni 1976
Kiunzi kimekamilika. Gideoni seremala amekitengeneza hapa kituoni kwetu Iringa kwa ajili ya watoto waliopooza miguu. Mtoto anaingizwa ndani, anafungwa magotini na kiunoni, anasimama. Mbao ametoa Bwana Himmat mwenye duka. Mimi, mtunza stoo, nilibeba ubao mmoja kwa baiskeli. Tena kwa kupanda mlima! Sista Kalista, mkuu wa kituo, anataka kiunzi kipewe jina Jumamosi. Watachagua watoto wenyewe. Jina ninalo: Kalinga. Ndilo langu.

Jumanne, 8 Juni
Nimechonga KALINGA kwenye mguu wa kiunzi. Jioni Gideoni kapitisha randa, jina lote limefutika. Kanieleza kwa upole kwamba herufi zile zingemkwaruza mtoto. Kweli kabisa. Nimemshukuru. Mtu mwema, ila randa yake kali.

Jumatano, 9 Juni
Mwalimu Eliezeri anapigia debe Maendeleo. Mji huu kila kitu Maendeleo: duka, klabu, hata beberu wa mwenyekiti. Nimekwenda kwa Bwana Himmat kuomba aniunge mkono. Amesema yeye hataki jina lake popote, ila Kalinga ni fupi, halimchoshi mtoto. Chai yake ya tangawizi haina mfano. Namshukuru.

Alhamisi, 10 Juni
Miwa. Anayetamka Kalinga anapata pingili. Leokadia, wa miaka sita, ametamka mpaka miwa ikaisha. Eliezeri kanilaumu kwa kuhonga watoto. Alikuwa anatafuna.

Jumamosi, 12 Juni
Ushindi! Watoto wote wamepaza sauti: Kalinga. Nimesimama kupokea pongezi. Mama yake Leokadia, Helena, muuza nyanya wa Ilula, akanishika mkono.

“Hongera, baba. Umepata wajina. Unamvika nini?”

Hilo sikulifikiria. Kwetu ukimpa mtoto jina lako, unamvika. Nikajitetea kwamba huyu ni mbao.

“Ndiyo maana yuko uchi,” akasema.

Watu wakacheka. Gideoni akaongeza kwamba kiunoni bado hakuna mkanda, ipo kamba ya katani tu, nayo itamkata mtoto ngozi. Macho yote yakashuka kwenye mkanda wangu. Ngozi ya ng'ombe, nzito, wa kuvaa kanisani. Nikaufungua. Gideoni akaupigilia pale pale.

Leokadia akaingizwa, akafungwa, akasimama. Tangu augue alikuwa mtu wa kukaa sakafuni. Akageuka polepole kuelekea meza ya wageni.

“Mama, kumbe juu kuna maua.”

Helena akajifuta uso kwa kanga. Wengine wakapiga makofi. Mimi sikuweza, nilikuwa nimeshika suruali kwa mikono miwili. Lakini niandike ukweli: sijapata kushukuru hivi. Namshukuru Gideoni, Himmat, Helena. Hata Eliezeri, aliyenisindikiza nyumbani akitembea nyuma yangu ili watu wasione.

Jumapili, 13 Juni
Baada ya misa nimezungumza na mgeni kutoka Mbeya. Huko wanamalizia kiti cha magurudumu cha watoto. Hakina jina! Nimeshapata lifti ya lori kesho. Mke wangu, Apolonia, katazama kiuno changu kisicho na mkanda, kaniuliza nitavaa viatu gani. Nimemjibu vile vipya, bila shaka. Amecheka mpaka akakaa chini. Sijaelewa kinachomchekesha.