Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Juni
Mwenye saluni katangaza: atakayenyoa vichwa vingi zaidi hadi Jumamosi anapewa kiti cha dirishani, chenye feni! Ni mimi au Wembe, kinyozi mwenzangu. Wembe hunywa maji kutwa, kila saa yuko msalani. Mimi siinuki ng'o. Maji marufuku, choo marufuku, chakula mkate na mayai. Leo nimemzidi vichwa vinne!

Jumatano, 5 Juni
Naongoza kwa tisa. Haja ilikuja juzi, nikaibana. Jana ikaja, nikaibana. Leo haikuja. Mke wangu kauliza mbona nakaa upande. Nikamwambia nanyoosha mgongo.

Ijumaa, 7 Juni
Siku ya tano bila choo. Tumbo gumu kama kinoo. Nimeinama kunyoa kisogo cha mteja, nikaguna. Mteja akadhani nimemkata, akashtuka, nikamkata kweli. Kahamia kwa Wembe na nusu kichwa! Naona uchungu mpaka sasa.

Jioni nikaenda kwa dada, ambaye ni nesi. Kacheka kwanza. Undugu gani huo? Kisha kasema nimejitakia: haja ukiibana inakaukia ndani. Ninywe maji, nile matunda na mboga, nitembee, na haja ikija niende. Maumivu yakizidi au nikiona damu, nikimbilie hospitali. Kanipa vidonge viwili, kimoja leo, cha pili kesho ikibidi tu. Haraka haraka haina baraka, kasema.

Yeye hana mashindano! Nimemeza vyote viwili. Nikaongeza mapapai mawili, sufuria ya maharage na majagi matatu ya maji.

Jumamosi, 8 Juni
Saa tatu asubuhi kaingia bwana harusi na wenzake saba. Vichwa vinane, kiti changu ndicho kilichokuwa wazi! Nikashika mashine. Tumbo likanguruma.

Safari ya kwanza msalani, raha tupu, niliimba. Ya sita sikuimba. Wembe kawanyoa wote, na bado kapata nafasi ya kuniletea ndoo ya maji mlangoni, akinipa pole. Aibu!

Jumapili, 9 Juni
Wembe kapata kiti. Dada kapiga simu kuuliza kama nimejifunza. Nikamwambia sana, dada yangu.

Mwenye saluni anasema kiti kitashindaniwa tena wiki ijayo. Nimenunua trei nzima ya mayai, yangu. Na mapapai manne makubwa, zawadi ya Wembe.