Lango la Wapi?

Jumatatu, 12 Januari

Leo nimepandishwa cheo. Yaani, karibu nipandishwe.

Mkutano wa ushirika wetu wa maembe hapa Mbumbuni. Mwenyekiti, Mama Wayua, alisoma barua ya kiwanda cha juisi. Kuanzia Jumamosi hii kompyuta yao inataka kuzungumza na kompyuta yetu moja kwa moja. Kreti ngapi ziko tayari, za nani, zimechumwa lini. Ili zizungumze, ushirika uweke kitu kinaitwa API gateway. Jumamosi saa sita mchana wanajaribu. Wasipojibiwa, lori lao linavuka mto kwenda kununua Kitui.

Mwenyekiti akauliza nani atakiweka. Maembe yameiva mitini, mengine yameanza kuanguka. Mkono ukainuka. Kuangalia, ni wangu!

Mama Wayua akauliza hiyo kitu ni nini. Nikasema ni lango la API. Akauliza, lango la wapi? Nikasema la API. Akasema ndiyo, hilo ndilo analouliza, la wapi? Tulikwama hapo kama dakika tano.

Mwishowe nikaeleza hivi. Kompyuta ya kiwanda inakuja, inabisha hodi. Lango linaitisha kitambulisho. Kikiwa sawa, inaingia, inapewa hesabu ya kreti, inaenda zake. Kisipokuwa sawa, inarudishwa ilikotoka. Watu walipiga makofi. Hata mimi ndipo nilipoelewa.

Mama Wayua akatangaza mbele ya wote: lango likisimama kufikia Jumamosi, Mbuvi ndiye Msimamizi wa Mifumo, na chumba cha nyuma chenye mlango wa chuma ni chake. Chumba! Miaka tisa nimekaa katika saiba yangu, kiduka cha intaneti, nikipiga chapa ratiba za mazishi, bega kwa bega na fotokopi. Nakitaka hicho chumba kuliko ninavyoweza kuandika.

Ben wa Malili alikuwa nje akipokea simu. Huyu Ben alisomea kompyuta chuoni miaka minne na hajisifu, tabia inayoniudhi sana. Mungu aibariki hiyo simu.

Jambo moja tu linanikosesha raha. Mama mkwe wangu, Mbithe, ana miti arobaini ya maembe. Alikaa safu ya mbele, na alipiga makofi kuliko wote.

Jumanne, 13 Januari

Nimechapisha mahitaji ya hilo lango kutoka mtandaoni. Kurasa nne, karatasi yangu mwenyewe.

Prosesa yenye viini vinne. Kathini, mke wangu, akauliza kama ni vya mayai. Nikasoma mstari unaofuata. Mfumo wa Linux. Port mbili ziwe wazi. Nikamwandikia Mama Wayua kwamba tunahitaji bandari mbili. Akanipigia mara moja kuuliza kwa nini juisi ya Nairobi ipitie Mombasa.

Halafu RAM, kumbukumbu ya kompyuta: gigabaiti kumi na sita, isipungue hapo. Kompyuta yangu ya saiba ina nne. Nilikunywa chai, nikala andazi, nikaangalia ukuta.

Ben akapita. Akasema amesikia habari, na kama nataka msaada tunaweza kukodi mashine kwenye wingu, yaani ya mbali kupitia mtandao, kazi ya nusu saa. Wingu! Nikamwambia sisi ni watu wa Ukambani na mawingu tunayajua vizuri. Yanakuja, yanajaa, mnafurahi, yanapita. Siwezi kuweka maembe ya watu huko. Akacheka kidogo, akaenda.

Alipoondoka tu, jibu likaja lenyewe. Kumi na sita gawanya kwa nne ni nne. Kompyuta nne za gigabaiti nne! Babu zetu walichimbaje matuta kwenye milima hii? Nani aliweza mlima peke yake? Walifanya mwethya. Leo majirani wote kwangu na majembe yao, kesho kwako. Kama jembe linaungana na jembe, RAM ina kiburi gani?

Nimeandika wazo hili kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 14 Januari

Ibada ya katikati ya wiki. Nikaomba nafasi kwenye matangazo. Nilitaka kusema fupi, kwa hivyo nikasema fupi: kesho asubuhi uwanjani kwa ushirika kuna mwethya wa kusimamisha lango, kila mtu aje na chombo chake. Amina nyingi sana.

Kathini akaniuliza njiani nani atapika. Mwenye mwethya ndiye hulisha watu, hiyo hata mtoto anajua. Nikamwambia watakuja watu watatu wanne na laptopu zao, muthokoi kidogo wa mahindi na maharagwe utatosha. Akaenda kuloweka mahindi ya watu thelathini. Nilimwambia anapoteza chakula.

Alhamisi, 15 Januari

Walikuja watu thelathini na mmoja.

Laptopu zilikuwa mbili. Moja ya karani wa ushirika, na moja ya kanisa iliyojaa nyimbo. Wengine wote walikuja na majembe, sururu, karai na mifuko ya saruji. Mzee mmoja alikuja na ng'ombe wawili na mkokoteni. Nikamuuliza kwa upole kwa nini. Akasema kwani lango husimamishwa na nini.

Nilitaka kueleza. Nilifungua mdomo. Lakini Mama Wayua alikuwa anatokwa na machozi. Akasema uwanja huu umekaa na pengo kwenye ukuta wa mawe tangu ushirika uanze, mbuzi wanaingia wanakula maembe, na hakuna mwenyekiti hata mmoja aliyefikiria lango. Wote wakanigeukia. Nikafunga mdomo.

Tena mkokoteni ulikuwa umebeba geti. La chuma, la kijani, zuri. La mama mkwe! Lilikuwa la boma lake, akaling'oa jana jioni kwa ajili ya mkwe wake. Niliona mara moja kwamba ni jembamba kuliko pengo. Lakini nitasema nini? Mimi na Mbithe tuna nthoni, ile heshima ya mkwe na mkwe. Simtazami usoni, hatuketi pamoja, hatubishani. Nikamwambia Kathini amwambie mama asante. Mama akamwambia Kathini aniambie si kitu. Pengo lililobaki pande zote mbili watu wakajaza mawe na saruji, wakiimba.

Mimi nikaingia ofisini kwa kazi halisi. Nikaunganisha zile laptopu mbili na kompyuta yangu ya saiba kwa nyaya. Ya nne ilikuwa tableti ya mjukuu wa karani. Nikawasha. Kila moja ikaandika kwamba kumbukumbu haitoshi. Nikazima, nikawasha. Ile ya kanisa ikaanza kuimba.

Ben alikuwa mlangoni, mikono ina saruji. Aliangalia zile nyaya bila kucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akaniambia taratibu kwamba punda wanne wa gunia moja moja hawawi punda mmoja wa magunia manne. Karatasi inasema kumi na sita kwa kila mashine. Nikamwambia najua. Nilikuwa napima nyaya.

Muthokoi uliisha wote. Kathini alinionyesha sufuria tupu.

Ijumaa, 16 Januari

Geti limesimama na saruji imekauka vizuri. Watu wanapita kulifungua na kulifunga bila sababu.

Lango lenyewe halipo. Niseme ukweli hapa, ambapo hakuna anayesoma: niliogopa. Niliamka nikafikiria ile miti arobaini. Niliona maembe yameoza chini, nzi, na Mbithe akipita katikati bila kunilaumu, maana desturi haimruhusu.

Saa nne nikapata mpango. Mtu mkubwa hafanyi kazi za mikono, huzigawa. Nikampigia Ben nikamwambia nimeamua kumpa nafasi ya msaidizi. Akasema sawa.

Alikuja akakaa, akakodi mashine huko kwenye wingu. Viini vinne, gigabaiti kumi na sita, Linux, port mbili wazi. Alikuwa akisoma karatasi yangu mstari baada ya mstari akiweka alama. Mimi nilishika karatasi. Kazi iliisha kabla chai haijapoa. Mwishoni nikamwomba aniachie kitufe cha mwisho. Akasogeza kiti.

Nikabonyeza Enter. Kwa hivyo aliyesimamisha lango ni nani? Nauliza tu.

Jumamosi, 17 Januari

Saa sita kamili kompyuta ya kiwanda ikabisha. Lango likaitisha kitambulisho. Sawa. Likajibu: kreti mia tatu na kumi na mbili. Shangwe! Mama Wayua alinishika mkono, akamshika na Ben. Tukasubiri lori.

Lori likaja saa nane. Likapunguza mwendo getini. Likasimama. Dereva akashuka, akaangalia geti, akaangalia lori, akapima kwa mikono. Geti la boma hupitisha mkokoteni. Lori limezidi kwa mikono miwili, na lile pengo ambalo lingelipitisha tulilijaza wenyewe kwa mawe, tukiimba. Dereva akauliza nani alipima. Watu thelathini wakanitazama. Nikatazama mlima.

Mtu mmoja alijaribu kubomoa kwa sururu. Haikuwezekana. Ndicho kitu cha kwanza tulichowahi kujenga imara hapa.

Dereva akasema saa kumi anaondoka, na Kitui wanamsubiri. Ndipo Mama Wayua akavua viatu, akasimama getini, akasema kwani tumesahau mwethya mara hii? Tukapanga mstari kutoka stoo mpaka kwenye lori, kreti zikapita mkono kwa mkono. Mia tatu na kumi na mbili. Ben alikuwa juu ya lori. Mimi nilijikuta karibu na mama mkwe. Kathini akaja mbio akaingia katikati yetu, kwa hivyo kila kreti ya mama ilipitia kwa binti ndipo ikanifikia.

Karibu tumalize, Mbithe akamwambia Kathini kitu, Kathini akanipa pamoja na kreti. Mama anasema geti halina kosa, lori ndilo kubwa. Niliinamisha kichwa. Nilimpenda sana huyo mama wakati huo, na sikuweza kumwambia.

Lori liliondoka saa kumi kasoro dakika tano.

Jumapili, 18 Januari

Baada ya ibada Mama Wayua alitoa matangazo. Ben ndiye Msimamizi wa Mifumo, na chumba cha nyuma ni chake. Makofi. Mimi nilikuwa nimeshainuka nusu. Nikajifanya nanyoosha suruali.

Kisha akasema Mbuvi hajasahaulika. Yeye ndiye Msimamizi wa Lango. Nikapewa ufunguo, filimbi na kiti cha plastiki, nikae pale getini nifukuze mbuzi. Kathini alijifunika uso kwa leso. Nadhani ni furaha.

Nimefikiria jambo hili kwa utulivu. Msimamizi wa Lango kwa Kizungu ni nini? Gateway Manager! Jioni nimechapisha kadi hamsini.

Ya kwanza imezaa matunda tayari. Mgeni kutoka ushirika wa Nunguni aliiona akaja kunishika mkono. Wao kompyuta zao zinaingiliwa na watu wasiojulikana na wameambiwa wanahitaji kitu kinaitwa firewall. Wanataka kufikia Ijumaa. Anayeweza atapewa ofisi yenye dirisha. Mkono ukainuka.

Mahitaji yake nitayasoma baadaye. Kwanza watu. Shemeji wa karani anasali Nunguni, nikamtuma atangaze kule, fupi tu kama nilivyozoea: Alhamisi kuna mwethya wa ukuta wa moto, kila mtu aje na chombo chake. Nikamwambia Kathini aloweke mahindi. Ameuliza ya watu wangapi.

Mama mkwe amesikia. Ametuma neno kupitia kwa Kathini kwamba tanuri lake limepoa na matofali yako tayari, elfu tatu. Nimesema asimuuzie mtu.