Vita vya Gugu Karoti Nyuma ya Bafu Langu

Kwa jina la Mola aliyeumba mihogo na, kwa hekima asiyoulizwa, akaumba na magugu: nyamazeni, enyi watu wa Utende, na ninyi mnaoanika mwani tueni matenga, niwasimulie vita alivyopigana Zulfa binti Hemedi, mjane mwenye goti bovu, Jemadari wa Jembe Fupi, ambaye ndiye mimi.

Halmashauri ilikuwa imetangaza vita juu ya gugu karoti, adui mwenye vijiua vyeupe, awashaye ngozi na kumeza mashamba. Na kijiji kikaniteua mimi nikague nyua zote za kitongoji chetu, kwa kuwa, walisema, hakuna kipitacho nisikione. Nikakagua. Kwa jirani yangu Biubwa nikakuta mche mmoja, nikamsomea hotuba barazani pake mpaka watu wakatoka na miko mikononi: "Ewe Biubwa! Umemfuga adui mlangoni, nasi tumelala!"

Siku bwana shamba Luqmani alipokuja kuhakiki, akiwa bado nyumba ya pili, Biubwa akanijia amejishika kiuno.

"Jemadari, hebu njoo nyuma ya bafu lako."

Lahaula! Pale yanapochuruzikia maji ya udhu wangu, ninayoyamimina kwa wingi ili Mola aone na majirani wasikie, lilisimama gugu karoti limenifika kidevuni, limenawiri, limechanua, sultani wa magugu yote ya Mafia.

"Mashallah," akasema Biubwa. "Hili halijakosa hata alfajiri."

Nikafunga kibwebwe, nikazungusha matambara mikononi, nikalikabili. Nikavuta, nalo likavuta. Goti likalia.

"Biubwa binti Mbaraka!" nikanguruma. "Ukiniacha leo, kitongoji kimeanguka!"

"Sema kwanza kwamba mche wangu ulikuwa mdogo."

"Hodi! Shikamooni!" ikaita sauti ya bwana shamba uani.

"Ulikuwa mdogo!" nikalia. "Ulikuwa uzi!"

Akanikumbatia kiuno, tukavuta, mzizi ukang'oka, nasi tukaketi topeni kama malkia wawili katika enzi moja.

Bwana shamba akachungulia. "Bi Zulfa, huku nyuma kuna gugu?"

"Marahaba, mwanangu," nikajibu, maana gugu nilikuwa nimelikalia.

"Lilikuwepo," akasema Biubwa. "Jemadari amelikalia lisikimbie."

Likatiwa guniani, likachomwa mbele ya umma, na kitongoji kikatangazwa safi. Basi wajukuu na wasimulie, na vizazi vishangae: siku hiyo Mafia ilisalimika kwa makalio ya wanawake wawili.

Nami adhuhuri hiyo nikatawadha kwa kikombe kimoja, tena kimyakimya.