Malalamiko Dhidi ya Katibu Kuhusu Jairo ya Helikopta Yangu

Mabawa, Tanga
Jumamosi

Kwa Bi. Nasra Uweso,
Mwenyekiti, Klabu ya Ndege za Mfano.

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

YAH: KUFUKUZWA KWA KATIBU

Natumaini magoti yamepunguza kuuma. Mimi ni mzima wa mwili tu. Kwa heshima zote naomba Katibu wetu, Bwana Yasini fundi redio, afukuzwe klabuni. Najua tuko wanachama watatu. Vikao vitakuwa vifupi zaidi.

Sababu ni hizi:

1. Binti yangu Queen aliniletea helikopta ya mfano kutoka Dar, ikiwa haina jairo, yaani kile kidude mfano wa kiberiti kinachouzuia mkia usizunguke. Mimi nilitaka jairo ya kawaida. Bwana Yasini akasema, "Mwalimu, upepo wa Tanga hauna adabu. Chukua inayoshika uelekeo." Nikamtii, nikaifunga kwa mikono yangu. Siku ya kwanza uwanjani helikopta ilizunguka kama pia, ikatua ndani ya karai la mihogo la Mama Praxeda. Mafuta yalikuwa yamechemka, na Mama Praxeda naye akachemka.

2. Mara ya pili iliingia kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya. Sauti ya pili haijarudi hadi leo.

3. Nilipomweleza Katibu, alitamka mbele za watu, "Utakuwa umeifunga vibaya." Anaambiwa hivyo mtu aliyefundisha sayansi miaka thelathini na moja! Tangu siku hiyo hatusalimiani, nasi tumekunywa kahawa pamoja kila jioni tangu tulipokuwa na nywele.

4. Alipomwoza binti yake Saleha, sikwenda. Akaniletea pilau nyumbani. Naomba klabu itambue kwamba hiyo ni rushwa. Niliila yote ili asije akaficha ushahidi.

Kwa hiyo afukuzwe, tena apigwe marufuku kumshauri mtu yeyote kuhusu kitu chochote kinachozunguka, pangaboi likiwemo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani, na paka. Mke wangu Anastazia anakusalimu sana, ingawa barua hii haiungi mkono.

Wako katika urushaji,
Mwl. Ernesti Mntambo

Tanbihi: Anastazia ameishika helikopta, akaigeuza huku na huku, akauliza kwa nini jairo inausukuma mkia kule kule unakokwenda. Kumbe ubavuni mwa jairo pana swichi ya kugeuza upande inakosukuma. Ameisogeza kwa njiti. Alasiri hii helikopta imesimama hewani dakika nne, na upepo ulikuwa wa kuvua watu kofia.

Nimekumbuka pia kwamba barua za klabu hufunguliwa na Katibu. Yasini, ndugu yangu, uliichagua vizuri. Niliyeifunga vibaya ni mimi. Ningeweza kuichana barua hii, lakini nimeona uyasome mwenyewe yote niliyokusema, usije ukayasikia kwa mtu mwingine. Ukishanisamehe, ichane wewe.