Khabari za Wasike na Magurudumu ya Paani

Sogeeni, enyi wenye baiskeli na enyi mnaoazima za majirani! Mwenye kikohozi na akohoe sasa, kwa maana nasimulia vita alivyopigana Wasike, Simba wa Stesheni, Nyundo ya Nakuru, katika enzi ambazo kichwa cha Mfalme kilikuwa bado kwenye shilingi, nazo shilingi zenyewe hazikukaa mfukoni mwa Wasike.

Shujaa huyu alikuwa mgonga magurudumu wa reli. Treni ilipoingia kutoka Mombasa ikitweta, alipita ubavuni mwake na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Lililo zima huimba, lenye ufa hukoroma. Akisema haiendi, haiendi, hata Mzungu wa filimbi avimbe mashavu. Lakini ole! Mlinzi huyo wa maelfu ya abiria alikwenda kazini juu ya baiskeli kuukuu ambayo gurudumu lake moja lilielekea Njoro na jingine Naivasha.

Na Jumapili moja, mbele ya lango la kanisa, baiskeli hiyo ikamtupa mkewe, Truphosa, aliyepakiwa nyuma, kwenye tope. Akina mama wa kanisa, wakiongozwa na Eucabeth, hawakucheka. Waliinamisha vichwa kama wanaoomba, ila mabega yao yalitikisika.

Truphosa akainuka, akanena: "Baba Nafula, nimevumilia ya kutosha. Jumapili ijayo unipandishe kitu kinaenda wima, ama nitapanda keria ya baiskeli ya Owuor karani, na wewe utembee nyuma ukitubebea Biblia."

Maneno hayo yalimchoma Wasike kuliko makaa ya injini. Owuor, jirani yao, alikuwa na baiskeli mpya yenye kengele, na aliipiga hata barabara ikiwa tupu.

Jumamosi shujaa akajifunga kibwebwe. Kwanza alilivamia duka la Mhindi, akayatazama magurudumu mapya yaking'aa, akauliza bei, akashukuru kwa heshima, akatoka. Ndipo akaelekea nyuma ya soko, kwenye kibanda cha Nderitu, Sultani wa Vyuma Chakavu, aliyenunua baiskeli zilizochoka kutoka mashamba ya masetla. Akainua nyundo yake ya reli.

Ngo! Gurudumu la kwanza likabonyea. Ngo! La pili likamwaga spoki chini. La tatu, lililopakwa rangi ya fedha likapendeza kama bibi harusi, likaambuka rangi yote na kubaki kutu tupu.

"Ngai! Wee mutu wa reli!" akalia Nderitu. "Hii ni baiskeli, si gari ya moshi! Umekuja kununua ama kuniua?"

"Nderitu, bwana wa kutu!" akanguruma Wasike, hata wauza viazi wakaacha kupima. "Nilinunua hii yangu kwa macho, ikamwangusha mama wa watoto wangu mbele ya kanisa. Leo nanunua kwa masikio, na mali yako yote inakohoa!"

"Haya, endelea. Lakini ile utavunja ni yako."

Umati ukajaa. Wasike aligonga rundo zima, wala hakuna lililoimba. Hapo moyo ukamwishia nguvu. Akilini alimwona Truphosa nyuma ya Owuor, ametulia, kengele ikilia njia nzima; kwa uchungu akaipiga nguzo ya kibanda kwa nguvu zake zote.

Na huko juu kitu kikajibu, sauti nyembamba, safi, isiyo na mkwaruzo.

Wasike akapanda paani. Palikuwa na magurudumu mawili ya baiskeli ya kubebea maziwa, meusi, yenye spoki nene, yamelazwa juu ya mabati pamoja na mawe ili upepo wa mlima Menengai usiyang'oe.

"Hayo hapana!" akapaza Nderitu. "Hayo si ya kuuza! Hayo ni nyumba yangu!"

"Basi nitakuwekea nyumba nyingine."

Nderitu hakuwahi kufikiria bei ya paa lake. Akataja bei ya chuma chakavu, akaijutia papo hapo, akaongeza yale matatu yaliyoangamizwa kwa nyundo. Wasike akalipa yote. Yaliyovunjika akayapandisha paani, akayakandamiza kwa mawe, na yale yaliyoimba akayateremsha.

Jumapili Truphosa akaizunguka baiskeli, mikono kiunoni.

"Magurudumu gani haya? Ni mabaya!"

"Ni mabaya, mama," Wasike akakiri, "lakini hayayumbi."

Truphosa akapanda nyuma. Siku zote alikuwa akishika chuma cha kiti, tayari kuruka. Asubuhi hiyo, walipompita Owuor, alilishika koti la mumewe kwa mikono yote miwili. Wasike akaona fahari hata macho yakamlenga machozi. Langoni akapunguza mwendo.

"Usisimame," Truphosa akanong'ona. "Eucabeth bado hajatuona. Zunguka tena."

Na ijulikane kwa vizazi vyote: siku hiyo kanisa lilizingirwa mpaka Eucabeth akatoka nje kutazama, na mahubiri yakaanza bila wao.