Kumi Juu ya Kumi

Jumatatu, tarehe 5 Juni
Habari kubwa! Mama Mukantabana, mkuu wa kituo chetu cha afya, ametangaza kwamba Jumamosi atachagua msimamizi wa chumba cha watoto wachanga. Chumba kina ufunguo. Kina mzani mpya. Kina kiti chenye mgongo! Tunaowania ni wauguzi wawili: mimi, Bisengimana, mtu wa vipaji, na Solange, ambaye kipaji chake ni kunawa mikono.

Nimewaza mchana kutwa. Kila mtoto akizaliwa tunampa pointi: moyo, pumzi, misuli, anavyoshtuka akiguswa, rangi. Kila kimoja mbili, jumla kumi. Lakini watoto wazima karibu wote huanza na nyayo za bluu kidogo, basi moja inapotea. Solange anaandika tisa, nane, tisa. Maskini, hana ndoto! Kuanzia kesho watoto wangu wote ni kumi.

Jumanne, tarehe 6
Watoto watatu. Kumi, kumi, kumi! Kuzificha pointi hizi kwenye fishi za watoto ni dhambi. Nimebandika palmaresi kwenye ukuta wa baraza, kama mwisho wa mwaka shuleni: jina la mama, pointi, nafasi. Wangu juu. Wa Solange chini, kwa kalamu ya bic nyekundu. Patient, mume wa Umutoni aliyejifungua asubuhi, alicheza mbele ya ukuta. Mtoto wake ni wa kwanza darasani, na macho hajafungua vizuri!

Saa tisa akaja Papa Sebahire, mwenye ng'ombe wengi kule Kingi. Mtoto wake alizaliwa jana mikononi mwa Solange: nane. Alisoma ukuta mara mbili, akavua kofia. Akasema kwao hakuna aliyewahi kuwa wa mwisho. Halafu kwa sauti ya chini: "Muganga, sesioni ya pili iko lini?" Nilitaka kumweleza kwamba hapa hakuna mtihani wa kurudia. Lakini alikuwa ameshika bidoni ya maziwa. Nikasema kesho saa mbili.

Jumatano, tarehe 7
Mtoto wa Sebahire amerudia mtihani. Ameshiba, nyayo zimepata rangi nzuri. Kumi! Maziwa matamu sana.

Ila habari imetembea. Saa nne foleni ilifika barabarani. Mtoto wa miezi mitatu. Mwingine wa miaka miwili, akanipiga teke. Nikampa mbili za misuli. Baba mmoja katoka Bweremana na binti wa darasa la sita aliyeanguka mtihani wa hesabu, akataka nimsahihishie. Mama mmoja aliomba buletini ya pointi yenye muhuri, amwandikishe mwanawe shule mapema. Tuna muhuri wa chanjo tu. Nikaupiga.

Alhamisi, tarehe 8
Murekatete amejifungua asubuhi. Mtoto analia vizuri, anapumua vizuri. Nyayo bluu! Na shangazi zake watano wako barazani wanangoja matokeo. Nikamtoa kifuani mwa mama, nikampeleka dirishani, nikaanza kuzisugua nyayo huku shangazi wakinihimiza. Baridi ya milima yetu haina huruma. Solange akapita, akagusa tumbo la mtoto. Akapima joto: thelathini na sita kasoro kidogo. Akamrudisha kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kitenge juu, ziwa mdomoni.

Niliogopa. Niliogopa kweli. Baada ya saa moja joto limerudi, mtoto ananyonya kwa fujo, na nyayo zimebadilika rangi zenyewe, bila mtu kuzisugua. Nikaenda nyuma ya kituo nikalia kwa furaha. Halafu nikarudi nikaandika kumi.

Jumamosi, tarehe 10
Mama Mukantabana amebandua palmaresi kwa mkono wake. Amesema pointi hizi si za shule. Zinatuambia nani asaidiwe haraka, basi. Nane ni mtoto mzima kabisa. Kumi za uongo zinamficha yule anayehitaji msaada.

Kisha, mbele ya wote, akasema sasa atanipima mimi. Moyo unapiga mbio: mbili. Pumzi ya kwikwi: moja. Misuli imelegea yote: sifuri. Akamwomba Solange anifinye. Alinifinya kwa moyo wote! Nikakunja uso tu: moja. Rangi, uso sawa lakini vidole vimepauka: moja. Jumla tano. Akasema mwenye tano anahitaji msaada mara moja.

Ufunguo umeenda kwa Solange. Mimi kuanzia Jumatatu natembea nyumba kwa nyumba, mpaka Kingi kwa Papa Sebahire, kueleza kwamba hakuna mtoto aliyeanguka. Nitaanzaje? Maziwa yake nimeshayanywa.

Jumapili, tarehe 11
Kanisani nimekaa nyuma, kichwa chini. Tano juu ya kumi. Tano. Halafu katikati ya mahubiri nikaruka, mpaka mzee wa kanisa akanigeukia. Tano juu ya kumi ni asilimia hamsini! Na katika nchi hii, mwenye hamsini hajaanguka!

Nimepita!

Kesho naamka mapema. Kabla Solange hajafungua chumba chake, nabandika pointi zangu ukutani. Kwa bic ya bluu. Na muhuri.